Chombo cha Mbao Kilichopaa Mbinguni

Sisi watu wa pwani neno "chombo" halitupi taabu. Jahazi ni chombo, mashua ni chombo, na binadamu alipoanza kurusha vyuma mbinguni, lugha yetu haikuona haja ya kutafuta neno jingine: navyo vikaitwa vyombo. Kila fundi wa majahazi anajua kwamba kuunda chombo ni kazi moja, na kukitengeneza chombo kilichoharibiwa na mkono wa fundi mwingine ni kazi ya pili, tena iliyo ngumu zaidi. Anayeunda hushindana na mbao peke yake. Anayetengeneza hushindana na mbao, na maji, na miaka, na zaidi ya yote hushindana na yule aliyemtangulia, ambaye aghalabu alikuwa na nia njema.

Makala haya yanasimulia habari za chombo kimoja ambacho hakikupata kuelea majini wala kuruka angani, nacho kimetengenezwa na kutengenezwa upya kuliko majahazi mengi. Ni kielelezo cha chombo cha angani kiitwacho Enterprise, kilichoundwa Marekani kwa ajili ya tamthilia ya televisheni ya Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa nchini humo tarehe 8 Septemba 1966.

Umbo la chombo hicho lilibuniwa na Matt Jefferies, msanii aliyezijua ndege kwa kuziendesha. Mtungaji wa tamthilia, Gene Roddenberry, hakutaka roketi yenye ncha na mapezi kama zilizozoeleka katika filamu za wakati ule. Jefferies alichora mchoro baada ya mchoro hata wakakubaliana juu ya umbo hili: sahani kubwa mbele, kiwiliwili cha mviringo chini yake, na mitungi miwili mirefu ya injini iliyoinuliwa nyuma juu ya nguzo nyembamba. Fundi Richard Datin aliunda kwanza kielelezo kidogo, cha urefu usiofika mita moja, ili wenye kazi wakione na kukiridhia. Kisha kikaundwa kikubwa, katika karakana moja huko Burbank, California, kwa mbao, plastiki na bati. Kilipokamilika, mwishoni mwa Desemba 1964, kilikuwa na urefu wa takriban mita 3.4 na uzito wa karibu kilo 90.

Mwaka huo wa 1964 una maana yake kwetu. Kisiwani Unguja palikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya Mradi wa Mercury, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwa miongoni mwa vilivyozungumza naye. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo hicho kilifungwa, na mitambo yake ikaondolewa. Kwa hivyo, katika mwaka ule ambao chombo cha kweli kilipoteza sikio lake katika bahari yetu, ng'ambo ya dunia mafundi walikuwa wakipiga randa mbao za chombo cha kubuni. Hayo mawili hayakusababishana. Hata hivyo yalitoka katika zama moja, zama ambazo mataifa yalikuwa yakiinua macho mbinguni na wakati huohuo yakidai haki zao ardhini.

Na kwa hakika lugha yetu ilikipanda chombo hicho. Mwigizaji Nichelle Nichols alipokwenda kujaribiwa kwa ajili ya tamthilia hiyo, alikuwa na kitabu mkononi, riwaya ya Robert Ruark iliyochapwa mwaka 1962 na kupewa jina la "Uhuru". Neno hilo likapendwa, likalainishwa mwisho wake, na mhusika wake akaitwa Uhura. Ndiye afisa wa mawasiliano wa chombo, mwanamke Mwafrika, aliyetiwa katika televisheni ya Marekani wakati ambapo watu weusi wa nchi hiyo walikuwa bado wakipigania haki za raia. Katika vipindi viwili vya tamthilia hiyo Kiswahili kinasikika kikisemwa, na katika filamu ya mwaka 2009 jina lake la kwanza likatajwa waziwazi: Nyota. Nyota Uhura. Hilo ni jina ambalo mshairi wetu yeyote angelikubali bila ya kulitia mizani.

Turudi kwenye mbao. Kielelezo kile kikubwa hakikuundwa ili kitazamwe na watu, bali kitazamwe na kamera. Kilipotiwa taa ndani, nyaya zilipitishwa ubavu wa kushoto, na kwa sababu kamera ilikipiga picha kutoka kulia, ubavu wa kushoto uliachwa bila ya mapambo. Chombo ambacho watazamaji walikiamini kuwa kizima, kwa hakika kilikuwa na upande mmoja tu. Msomaji alishike jambo hili, kwani baadaye litakuwa na uzito. Mkarabati mgeni, asiyejua historia, angeuona ubavu ule kuwa ni kasoro, akaupamba kwa bidii zake zote, na katika kuupamba akafuta ushahidi wa namna kazi ilivyofanywa.

Tamthilia ilisimamishwa mwaka 1969, na kielelezo kikawekwa ghalani. Mwaka 1974 kampuni ya Paramount iliitunukia Taasisi ya Smithsonian, nacho kikafika Washington kikiwa kimetenganishwa, kichafu, na baadhi ya vipande vyake havipo. Kikatengenezwa mwaka huohuo. Kikatengenezwa tena mwaka 1984, na mara ya tatu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kila mara kilitoka kikiwa imara zaidi na kila mara kikawa mbali zaidi na kilivyokuwa. Katika ukarabati wa tatu kilitiwa rangi mpya yenye vivuli na mistari mizito, kana kwamba mabamba ya chuma yameunganishwa na kuchakaa kwa safari. Kwa bahati njema uso wa juu wa ile sahani haukuguswa, ukabaki na rangi yake ya miaka ya 1960. Matokeo yake ni kwamba kiwiliwili kilisema neno moja na sahani ikasema jingine, na mwenye jicho akaona tofauti.

Wakati hayo yakitendeka, chombo hichohicho kilikuwa kimeingia katika maelfu ya nyumba kwa umbo jingine. Kampuni ya AMT, ya jimbo la Michigan, ilipata haki ya kutengeneza Enterprise ndogo ya plastiki, iliyouzwa katika sanduku ikiwa vipande vipande ili mnunuzi aiunge mwenyewe. Bei ya haki hiyo ilikuwa ya ajabu kidogo: kampuni ilibeba jukumu la kuunda Galileo, mashua ndogo ya chombo kikuu, kwa ukubwa unaoweza kuingiwa na waigizaji. Vile vipande vya sandukuni vilipendwa hata na watengenezaji wa tamthilia wenyewe. Katika kipindi kilichoonyeshwa Oktoba 1967, chombo kilichoharibiwa vitani, kiitwacho Constellation, kilikuwa ni kile cha AMT kilichounguzwa na kuvunjwavunjwa makusudi, na namba yake ikapatikana kwa kuzipanga upya tarakimu za Enterprise: 1701 ikawa 1017.

Aghalabu walioviunga vipande hivyo walikuwa watoto, na kazi zao zimesalia mpaka leo, zikipatikana katika madari ya nyumba na katika masoko ya vitu vikuukuu. Hali zake hufanana. Gundi imefurika kwenye maungio, imekauka na kuacha alama za vidole. Rangi imepakwa kwa brashi nene juu ya vumbi. Na ile mitungi ya injini imelegea, mmoja umeinamia huku na mwingine kule, kwa kuwa nguzo zake zilishikwa na vipachikio vidogo visivyouhimili uzito. Kulegea huko hakukuwa kosa la mtoto, bali lilikuwa ni kosa la aliyebuni vipande.

Ugumu wa kukirekebisha kitu kama hicho uko katika tabia ya gundi yenyewe. Gundi ya mbao hukaa baina ya vipande viwili ikavishika. Gundi ya plastiki ya namna hii haishiki, bali huyeyusha. Huulainisha uso wa huku na uso wa huko, nyuso hizo zikachanganyika, kisha dawa ikapaa hewani na plastiki ikaganda ikawa kitu kimoja. Kwa hiyo ungio lililokwenda kombo halifunguki kama fundo, maana hapana tena fundo, bali pana mwili. Wapenzi wa kazi hii wamejifunza hila zao. Huondoa rangi ya zamani kwa kukilowesha chombo katika spiriti kwa saa nyingi. Hukitia katika friji ya kugandisha, ili gundi kuukuu iwe kavu na nyepesi kuvunjika, kisha hulipinda ungio polepole hata lilie. Lisipokubali hukata kwa msumeno mwembamba, husugua kwa msasa, na huziba mapengo kwa lipu ya plastiki kama vile kalafati azibavyo nyufa kwa pamba na mafuta. Kipande kilichopotea hupigiwa chapa kwa kalibu ya mpira kutoka kwa chombo kingine kilicho kizima. Ndani ya nguzo zilizolegea hupitishwa waya au kijiti cha shaba, usionekane kwa nje, na mitungi ikasimama sawasawa pengine kwa mara ya kwanza tangu siku ilipotoka sandukuni.

Je, hapo ndipo pa kuridhika? Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kwamba alama ya kidole cha mtoto katika gundi nayo si historia? Kwa kile cha plastiki jawabu ni jepesi kiasi, kwani viko vingi, na mwenye nacho ana hiari yake. Kile cha Washington kilikuwa kimoja tu, na hapo swali likawa zito.

Septemba 2014 kielelezo kikubwa kiliteremshwa kutoka mahali kilipokuwa kikionyeshwa, katika duka la makumbusho, kikapelekwa kwenye karakana ya uhifadhi ya kituo cha Udvar-Hazy, katika jimbo la Virginia. Wahifadhi hawakuanza na brashi. Walianza na maswali. Walikipiga picha za eksirei ili waone misumari na mbao za ndani, wakakimulika kwa taa za urujuani usioonekana ili rangi mpya ijitenge na ya kale, na wakauomba umma uwapelekee picha yoyote ya zamani ya chombo hicho. Kisha wakaamua jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha kazi yote: walichagua wakati. Kingerejeshwa kilivyokuwa Agosti 1967, kilipofanyiwa mabadiliko yake ya mwisho yanayojulikana wakati wa kupiga picha za tamthilia. Hawakukirejesha kilivyotoka karakanani mwaka 1964, wala kilivyoonekana katika ndoto za wapenzi wake. Rangi za baadaye zikaondolewa, na ile ya asili juu ya sahani ikasafishwa tu na kuhifadhiwa, ikawa ndiyo shahidi wa kupimia rangi ya sehemu nyingine. Taa za kale, zenye joto la kudhuru mbao, zikaachia nafasi taa za LED. Tarehe 1 Julai 2016 kikawekwa mbele ya watu, katika ukumbi mkuu wa makumbusho ya anga mjini Washington.

Wapenzi wa ushairi hawatashindwa kulitambua tatizo hili, kwani ndilo la mhakiki wa miswada. Utenzi hunakiliwa na mtu, akanakili mwingine kutoka kwake, na kila mnakili akiona mshororo umechechemea huunyoosha kwa nia njema. Baada ya nakala tano utenzi umenyooka, lakini mtunzi hayumo tena. Mhakiki mwaminifu hatungi upya. Hutafuta ule ukurasa ambao mkono wa kale haujafunikwa, akaufanya kuwa mizani ya kurasa nyingine, na pale asipopajua akapaacha wazi. Mnakili anayesawazisha kila kitu ana madhara kuliko mchwa, kwa kuwa mchwa huacha tundu linaloonekana.

Ama kile kielelezo kidogo cha kwanza, cha Datin, kiliazimwa katika miaka ya 1970 wakati wa maandalizi ya filamu ya Star Trek iliyotoka mwaka 1979, kisha kikapotea. Mwaka 2023 kilijitokeza kikiuzwa katika mnada wa mtandaoni, na mwaka 2024 kikarejeshwa kwa mwana wa Gene Roddenberry. Kupotea huko kuna faida yake ya ajabu: kwa miaka ile yote hakikupata makumbusho, na wala hakikupata mkarabati.

Sisi tuna sababu ya kuyatilia maanani mambo haya. Mtepe, chombo cha mababu zetu kilichoshonwa kwa kamba bila ya msumari, hakuna hata mmoja wa kale uliobaki. Tunaujua kwa picha, kwa maandishi, na kwa vielelezo vidogo vilivyohifadhiwa makumbushoni. Fundi aliyekaza kamba ya kielelezo kama hicho kwa namna aliyoiona yeye kuwa nzuri zaidi, huenda ametupokonya jambo ambalo hapana tena wa kuulizwa. Kwa hivyo, anayepokea kazi ya mtangulizi mikononi mwake, iwe ni mbao, plastiki au beti, na aulize kwanza: hapa pana kosa, au pana ubavu wa kushoto ulioachwa hivi kwa sababu? Akishapata jawabu, na achukue msasa.