New START: Ukaguzi wa nyuklia kati ya Marekani na Urusi uliishia wapi?

Kuna kipindi mkaguzi wa Urusi aliweza kutua Marekani, akachagua kombora moja, na wenyeji wake wakalazimika kufungua ncha yake ili ahesabu vichwa vya nyuklia vilivyomo. Vichwa vyenyewe vilifunikwa, yaani aone idadi tu, siyo siri za utengenezaji. Wamarekani nao walifanya vivyo hivyo Urusi.

Haki hiyo ilitokana na mkataba wa New START, uliosainiwa Prague Aprili 8, 2010 na Barack Obama na Dmitry Medvedev. Kila nchi iliruhusiwa vichwa 1,550 vilivyo tayari kutumika. Jumla ya makombora ya masafa marefu, ya ardhini na ya nyambizi, pamoja na ndege za nyuklia zilizo kazini, isizidi 700. Cha ajabu, ndege moja ilihesabiwa kama kichwa kimoja hata kama inabeba zaidi.

Wengi wanaikumbuka hiyo 1,550. Lakini nguvu ya mkataba ilikuwa kwenye ukaguzi: hadi mara 18 kwa mwaka kwa kila upande. Setilaiti inaweza kuona shimo la kombora, ila haioni ndani kuna vichwa vingapi. Na jeshi lisilojua mwenzake ana vingapi hupanga kwa kukadiria hali mbaya zaidi.

Mambo yalianza kuharibika Machi 2020, corona iliposimamisha ukaguzi. Februari 2021 Joe Biden na Vladimir Putin waliongeza mkataba miaka 5, lakini wakaguzi hawakurudi. Agosti 2022 Urusi iliwakatalia, ikidai vikwazo vya Magharibi vinazuia wakaguzi wake kusafiri. Februari 2023, vita vya Ukraine vikiendelea, Putin akasitisha ushiriki, ingawa Moscow iliahidi kutovuka viwango.

Septemba 2025 Putin alipendekeza viwango viheshimiwe mwaka mmoja zaidi. Mkataba uliruhusu kuongezwa mara moja tu, na nafasi hiyo ilishatumika. Muda wake ukaisha Februari 5, 2026.

Kikwazo kingine ni China. Donald Trump anaitaka mezani, lakini Beijing inasema silaha zake ni chache mno kulinganisha na za wakubwa hao wawili, hivyo waanze wao kupunguza.