Konsetina na Kodiani Kibera na Kawangware

Konsetina ni kinanda cha mkono chenye umbo la pembe sita au nane, mvukuto katikati, na vitufe kwenye vibao vyake viwili vya pembeni. Mpigaji akiukandamiza au kuuvuta mvukuto, hewa hupita kwenye ndimi nyembamba za chuma, nazo hutetemeka na kulia. Ni ndugu wa kodiani. Katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, konsetina yenyewe ni adimu, lakini kodiani imesikika katika ngoma za jamii zinazoishi humo tangu enzi za ukoloni. Kwa hiyo mkazi wa huko anayeanza kujifunza konsetina kwa mapenzi yake tu haanzii patupu. Masikio ya majirani yamekwisha kuizoea sauti ya ndimi na mvukuto, na wazee waliopiga kodiani ujanani wanaijua kazi hii kuliko kitabu chochote cha mafunzo.

Chombo na aina zake

Ulimi mwembamba unaolizwa na pumzi ulijulikana Uchina tangu kale kupitia chombo kiitwacho sheng. Ulaya ilichelewa. Mwaka 1829 Cyrill Demian alisajili hataza ya kodiani mjini Vienna, na mwaka huohuo Charles Wheatstone, mwanasayansi aliyetoka katika ukoo wa watengenezaji wa ala za muziki jijini London, alisajili yake, ambayo ndiyo chimbuko la konsetina ya Kiingereza. Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, alitoa konsetina ya namna nyingine mwaka 1834. Bandoneoni, inayopigwa katika tango huko Argentina, ni ya ukoo huo wa Kijerumani.

Katika konsetina ya Kiingereza kila kitufe hutoa noti moja tu, mvukuto ukisukumwa au ukivutwa, na ngazi ya sauti hugawanywa kati ya mikono miwili. Kwa kawaida ina vitufe 48. Aina iitwayo Anglo, mzao wa ile ya Kijerumani, ina vitufe 20 au 30, na kila kitufe hubeba noti mbili: moja ya kusukuma, nyingine ya kuvuta. Aina ya tatu ni dueti, ambayo huweka sauti nzito mkono wa kushoto na nyembamba mkono wa kulia.

Jeshi la Wokovu liliipenda dueti ya mpangilio wa Crane, likaiita Triumph, kwa sababu mhubiri mmoja aliyesimama barabarani aliweza kupiga wimbo pamoja na sauti za kuusindikiza. Jeshi hilo lilianza kazi Kenya mwaka 1921 na lina waumini wengi miongoni mwa Waluhya, jamii yenye wakazi wengi Kawangware. Leo maandamano yake ya Jumapili husikika kwa tarumbeta, ngoma na matari.

Kusini mwa bara mambo yalikwenda vingine. Wazulu waliifanya konsetina kuwa yao katika muziki wa maskandi, na Makaburu wakaifanya nguzo ya muziki wao wa dansi, kiasi kwamba kiwanda cha Wheatstone kilipeleka ala nyingi Afrika Kusini katika miongo yake ya mwisho. Anayedhani konsetina ni chombo cha wazungu pekee aanzie huko.

Mwomboko na onanda

Afrika Mashariki ilichagua kodiani. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba askari wa King's African Rifles na wapagazi wa vita, waliozoea kuona dansi za Wazungu, ndio walioleta nyumbani hatua za dansi hizo pamoja na chombo chenyewe. Inafaa kukumbuka kuwa Kibera ilianza kama makazi ya askari wa Kinubi wa kikosi hichohicho, mwanzoni mwa karne ya 20, kabla ya kuwa mtaa wa wapangaji kutoka kila pembe ya Kenya.

Miongoni mwa Wakikuyu, ambao ardhi yao ya Dagoretti ndiyo iliyobeba Kawangware, kodiani ilizaa mwomboko. Ngoma hii ilienea baada ya serikali ya kikoloni kupiga marufuku muthirigu, nyimbo za kuwakejeli wamisionari na machifu zilizovuma mwaka 1929 na 1930. Mwomboko huchezwa wawili wawili, mwanamume na mwanamke wakishikana: hatua mbili, kisha kuinama na kugeuka. Ala ni mbili tu. Kodiani, mara nyingi ile ndogo ya vitufe, hubeba wimbo. Karing'aring'a, duara la chuma linalogongwa kwa kipande cha chuma, hushika mapigo. Hakuna gitaa la kufunika kosa wala ngoma nzito ya kumzamisha mpigaji. Kila mtetemo wa mvukuto uko wazi, na ndiyo maana mwomboko ni shule bora kwa yeyote anayeshika chombo cha aina hii, kiwe konsetina au kodiani.

Umaarufu wake ulivuka vijiji. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliuingiza mwomboko katika tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, iliyochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977 kabla ya serikali kuizuia.

Kwa Waluo kodiani huitwa onanda, na ilikuwa na dansi yake kabla ya gitaa la benga kutawala. Kibera ina Waluo wengi, hasa katika vijiji kama Kisumu Ndogo na Gatwekera, na muziki wa ohangla unaopigwa huko kwenye sherehe na harambee umeikabidhi kazi ya onanda kwa kinanda cha umeme. Sababu inaeleweka: kinanda cha umeme kina sauti nyingi na kinapatikana dukani. Hata hivyo kuna kilichopotea. Ohangla ya kinanda cha umeme hupumua kwa mashine, na mpigaji hana namna ya kuikaza noti moja katikati kwa nguvu ya mkono wake, jambo ambalo mvukuto hulifanya bila kuombwa.

Historia ya muziki wa Kenya imeandikwa kwa gitaa mno. Kazi ya shirika la Ketebul Music chini ya Tabu Osusa, yenye matoleo kuhusu benga mwaka 2008 na muziki wa Kikuyu mwaka 2010, pamoja na mradi wa Singing Wells ulioanza mwaka 2011 kurekodi vikundi vya ngoma za asili, imesaidia kupanua picha. Lakini mpigaji kodiani aliye hai mtaani bado anastahili kurekodiwa na wajukuu zake mwenyewe, kwa simu waliyo nayo mfukoni, wakati vidole vyake vingali vinakumbuka.

Kupata chombo

Maduka ya ala za muziki katikati ya Nairobi huuza zaidi magitaa, vinanda vya umeme na spika. Kodiani hupatikana kwa kutafuta. Konsetina karibu kila mara huagizwa nje. Konsetina ya kuanzia inayosifiwa na walimu wengi ni Rochelle, Anglo ya vitufe 30 ya kampuni ya Concertina Connection, ambayo pia hutoa Jackie kwa mfumo wa Kiingereza na Elise kwa dueti. Anayeagiza ahesabu usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, maana gharama hizo zinaweza kugeuza bei nafuu kuwa mzigo. Kwa kibarua wa mjengo au mama wa kibanda cha mboga, fedha hizo hazitoki mara moja. Chama cha watu watano au sita, kilichozoea kuchangia sufuria na ada za shule, kinaweza kununua chombo kimoja na kukizungusha kwa zamu. Chombo kinachopigwa kila siku na mikono kadhaa hudumu vizuri kuliko kinacholala sandukuni.

Ala nafuu kupindukia, zile za vitufe 20 zenye mvukuto wa karatasi ngumu, ni za kuepukwa. Huvuja hewa na vitufe hukwama, na mwanafunzi hujilaumu bure akidhani hana kipaji.

Chombo cha mitumba kikijitokeza katika soko la Toi au sokoni Kawangware, mnunuzi na akijaribu hapohapo kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa. Abonyeze kila kitufe akisukuma, kisha akivuta, na asikilize noti iliyokufa au inayochelewa. Kisha ashike upande mmoja juu na kuuacha wa pili uning'inie bila kubonyeza chochote: mvukuto mzima hushuka polepole sana, unaovuja huanguka mara moja. Jambo la mwisho husahauliwa na wengi. Konsetina nyingi kuukuu za Uingereza zilipangwa sauti juu ya kipimo cha leo cha mitetemo 440 kwa sekunde kwa noti ya la. Chombo kama hicho kitapendeza kikipigwa peke yake, ila kitagombana na kinanda cha kanisa kuanzia wimbo wa kwanza.

Aina ya kununua huamuliwa na mahali pa kupigia. Kanisani mwimbishaji huanzisha wimbo popote sauti yake ilipo, na mpiga kinanda cha umeme humfuata kwa kubonyeza kitufe cha kuhamisha sauti. Anglo ya vitufe 20 yenye safu za C na G haiwezi mchezo huo. Konsetina ya Kiingereza na dueti zinaweza. Lakini kwa anayependa dansi, Anglo ndiyo yenyewe, na sababu iko katika mvukuto: kodiani ndogo ya vitufe nayo hutoa noti mbili kwa kitufe kimoja kwa mantiki hiyohiyo ya kusukuma na kuvuta. Kijana wa Kawangware mwenye Anglo anaweza kukaa mbele ya mzee wa mwomboko na kumfuata. Mwenye konsetina ya Kiingereza atasikia wimbo uleule, lakini mkono wa mzee hautamfundisha.

Mazoezi

Asiye na chombo bado anaweza kuanza. Kinanda cha mdomo hufuata mpango huohuo, kupuliza kukiwa kusukuma na kufyonza kukiwa kuvuta, nacho ni rahisi mara nyingi kuliko konsetina.

Waimbaji wa kwaya za Kibera na Kawangware wana faida nyingine. Wengi husoma solfa, na Anglo huandikika kwa solfa bila taabu. Kwenye safu ya C, upande wa kushoto, kidole cha pete hutoa do kwa kusukuma na re kwa kuvuta. Cha kati hutoa mi kwa kusukuma na fa kwa kuvuta. Cha shahada hutoa so kwa kusukuma na la kwa kuvuta. Hapo mkono wa kulia hupokea kwa kidole chake cha shahada, lakini mpango hugeuka: ti huja kwanza kwa kuvuta, kisha do ya juu kwa kusukuma. Ugeuzi huo wa ti na do ndipo wanaoanza hukwama, na dawa yake ni kupiga la, ti, do peke yake, polepole, mpaka mkono uache kufikiri. Noti zote za kusukuma katika safu hiyo ni do, mi na so, kwa hiyo mikono miwili ikisukuma pamoja haiwezi kutoa kelele mbaya. Ni zawadi kubwa kwa mgeni wa chombo.

Kando ya mkono wa kulia kuna kitufe cha hewa kisicho na noti. Mwanafunzi akijifunze siku ya kwanza, kwani bila hicho mvukuto hujaa au kuisha katikati ya ubeti.

Tatizo la mtaani ni ukuta. Konsetina ina sauti kali kuliko umbo lake, na chumba cha futi kumi kwa kumi chenye mabati pande zote hupeleka mazoezi kwa majirani wa mlango wa kushoto, wa kulia na wa nyuma. Blanketi nene ukutani hupunguza. Afadhali zaidi ni kuzungumza na majirani mapema na kukubaliana saa, au kumwomba mchungaji ufunguo wa kanisa siku za kazi. Stima ikipotea, konsetina haijali, na jioni ya giza ploti nzima huweza kuomba wimbo.

Matunzo

Adui wa kwanza ni paa. Katika kodiani, na katika konsetina nyingi za bei ya chini, ndimi hushikiliwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ulimbo. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hivi na hulegea mapema zaidi, kwa hiyo chombo kisiwekwe juu ya kabati karibu na mabati yanayochomwa na jua la mchana. Konsetina za kale za Uingereza hazina hofu hiyo, maana kila ulimi umekaa katika fremu yake ya chuma iliyosukumwa kwenye mfuo wa mbao.

Adui wa pili ni unyevu wa masika na wa vuli, unaoleta kutu kwenye ndimi. Sanduku linalofunga vizuri hutosha. Mkunjo uliotoboka huzibwa kwa kipande cha ngozi laini ambacho fundi yeyote wa viatu anacho. Springi ya kitufe iliyovunjika hupindwa upya kwa waya na fundi wa jua kali.

Kupanga sauti ni kazi ya mtu mwenye subira. Kukwangua ncha ya ulimi hupandisha noti, kukwangua karibu na shina huishusha, na ulimi uliokwanguliwa kupita kiasi hautengenezeki. Anayetaka kujifunza ufundi huu atafute kwanza kodiani iliyokufa na aharibu ndimi zake zote kabla ya kugusa ya mteja.