Vilabu na baa za Musoma, Bunda na Butiama

Hizi ni sehemu za vinywaji za mkoa wa Mara, mashariki mwa Ziwa Victoria. Kwa kawaida mgeni huelekezwa Musoma tu, na sababu inaeleweka: mji umekaa kwenye rasi, na bustani za ufukweni kama Tembo Beach na Matvilla zinatazama maji na majabali. Lakini anayeishia hapo ameona upande mmoja. Bunda, kwenye barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari na karibu na lango la Ndabaka la Serengeti, ina baa za wasafiri, zenye bia baridi, nyama choma na sato wa kukaanga. Vijijini, Butiama ikiwemo, mhimili ni kilabu cha pombe ya kienyeji. Ili kuipika, unga huchachushwa, hukaangwa hadi uwe wa kahawia, kisha hutiwa maji na kimea cha ulezi mpaka utoe povu.

Wapo wanaodai pombe hiyo ni hatari, isitajwe kwa wageni. Hoja hiyo ina uzito kwa gongo, inayokenekwa kwa siri na ambayo ni haramu. Pombe ya nafaka haikenekwi, na Sheria ya Vileo ya 1968 inatambua uuzaji wake kwa leseni. Kuifungia nje ni kuwanyima haki wanawake wengi wanaoipika. Anayezuru kaburi la Mwalimu Nyerere huko Mwitongo, Butiama, aulize kwanza kilabu chenye leseni, na aende mchana.