Ngoma na Siwa za Mwinyi Mkuu

Dunga si mbali na Tunguu. Zote zimo Wilaya ya Kati, Unguja. Huko Dunga alikaa Mwinyi Mkuu, mtawala wa jadi wa Unguja, na alama za enzi yake zilikuwa ngoma na siwa.

Siwa ni baragumu kubwa linalopulizwa ubavuni. Aliyekuwa nayo ndiye mwenye mji, bila ya kuhitaji hati. Miji mingine ya pwani nayo ilikuwa na siwa: Lamu walikuwa na yao ya shaba, Pate ya pembe za ndovu. Zote mbili zimo katika Makumbusho ya Lamu. Ngoma za Dunga zina kisa chao: husimuliwa kwamba zililia zenyewe hatari ilipokaribia.

Mwinyi Mkuu Muhammad bin Ahmed alifariki mwaka 1865, masultani wa Kiomani wakiwa wameshatwaa mamlaka mengi. Magofu ya kasri lake yapo barabara ya Chwaka.