Kutoka Mawe Matakatifu hadi Mawe Hai: Kanisa na Haki za Wapalestina



Baada ya ibada ya Ijumaa Kuu iliyopita, mama mmoja wa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo alitufuata sakristia akatuuliza kwa upole: “Baba Paroko, hayo matoleo ya Nchi Takatifu si yanakwenda kwa Wapalestina? Na Biblia si inatufundisha kuibariki Israeli?” Siku ile tulimjibu kwa kifupi mno. Swali lake ni la wengi, na linastahili jibu la historia. Ndiyo maana tumelitolea tafakari ya juma hili.

Tarehe 29 Novemba 1947 Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuigawa Palestina, iliyokuwa chini ya Uingereza, iwe na dola mbili, moja ya Wayahudi na nyingine ya Waarabu, huku Yerusalemu ikiwekwa chini ya usimamizi wa kimataifa. Vita vilivyofuata viliwang’oa Wapalestina wapatao 700,000 kutoka makwao, Waislamu na Wakristo. Papa Pio XII aliandika ensiklika In Multiplicibus Curis tarehe 24 Oktoba 1948, kisha Redemptoris Nostri Cruciatus tarehe 15 Aprili 1949, nayo ilikuwa Ijumaa Kuu. Tukizisoma kwa unyofu, tunaona kwamba uzito mkubwa uliwekwa juu ya hadhi ya Yerusalemu, usalama wa mahali patakatifu na njia za mahujaji. Hata hivyo, Baba Mtakatifu hakuwasahau wakimbizi: aliwaombea haki, na mwaka huo huo wa 1949 akaanzisha Utume wa Kipapa kwa ajili ya Palestina, uwapelekee chakula, dawa na elimu.

Hapo ndipo safari ilipoanzia, ndugu zangu. Mpalestina alionekana kwanza kama mhitaji wa blanketi na mkate. Huruma hiyo ilikuwa ya kweli, lakini haikuwa bado sauti kamili ya haki. Maana mtu aliyenyang’anywa shamba hahitaji mkate tu. Anahitaji pia asikilizwe kuhusu shamba lake.

Januari 1964 Papa Paulo VI alikwenda kuhiji katika Nchi Takatifu na kukutana na watu wake ana kwa ana. Matunda ya hija ile yanaonekana hadi leo, kwa mfano Chuo Kikuu cha Betlehemu, kilichofunguliwa mwaka 1973 chini ya malezi ya Mabruda wa La Salle, ambamo vijana Wakristo na Waislamu husoma pamoja. Mwaka 1974, katika hati yake Nobis in Animo, aliimarisha yale matoleo ya kila mwaka ambayo mama yetu aliyauliza. Hofu yake ilikuwa hii: Wakristo wakihama wote, mahali patakatifu patabaki kama makumbusho, mawe yasiyo na watu. Na Desemba 1975, akizungumza na Makardinali, aliwasihi Wayahudi, waliotoka katika mateso makubwa, wazitambue haki za taifa la Palestina lililoteseka nalo kwa muda mrefu. Wapalestina sasa walitajwa kama taifa lenye haki, wala si umati wa wakimbizi tu.

Papa Yohane Paulo II aliendeleza mstari huo. Mwaka 1982 alimpokea Yasser Arafat mjini Vatikani, jambo lililozua lawama nyingi. Ijumaa Kuu ya tarehe 20 Aprili 1984, katika waraka Redemptionis Anno, aliwaombea Waisraeli usalama na Wapalestina nchi yao wenyewe, yote mawili kwa pumzi moja. Mwishoni mwa mwaka 1987 alimteua Michel Sabbah, mzaliwa wa Nazareti, kuwa Patriaki wa Kilatini wa Yerusalemu. Huyo ndiye Mpalestina wa kwanza kukalia kiti hicho. Tangu hapo Kanisa halikuwasemea Wapalestina kutoka mbali tu. Wapalestina wenyewe walinena ndani ya Kanisa. Mwaka 2009 Patriaki Sabbah, akiwa amekwisha kustaafu, alikuwa miongoni mwa waandishi wa tamko la Kairos Palestina, pamoja na Wakristo wa madhehebu mengine.

Lakini tusiruke ukurasa mmoja mgumu. Kwa karne nyingi Wakristo waliwadharau na kuwatesa Wayahudi. Tamko Nostra Aetate la Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, la tarehe 28 Oktoba 1965, lilikataa kuwatwika Wayahudi wote hatia ya kifo cha Bwana, likalaani chuki dhidi yao. Kiti Kitakatifu kilitia saini Mkataba wa Msingi na Israeli tarehe 30 Desemba 1993, na mkataba wa namna hiyo na Chama cha Ukombozi wa Palestina tarehe 15 Februari 2000. Mwezi uliofuata Papa aliitembelea kambi ya wakimbizi ya Dheisheh, akasali Yad Vashem penye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, na kusimama mbele ya Ukuta wa Magharibi. Anayetetea haki ya Mpalestina kwa kumchukia Myahudi amekwisha kutoka katika njia hii.

Papa Benedikto XVI aliitembelea kambi ya Aida mwaka 2009, kando ya ukuta uliojengwa na Israeli. Papa Fransisko aliusogelea ukuta huo mjini Betlehemu mwaka 2014, akauwekea mkono na kusali kimya. Tarehe 26 Juni 2015 Kiti Kitakatifu kilitia saini mkataba na Dola ya Palestina, kikiitaja kwa jina hilo.

Kisha ikaja tarehe 7 Oktoba 2023. Wapiganaji wa Hamas waliua na kuteka watu nchini Israeli, na vijana wetu wawili Watanzania, waliokwenda kujifunza kilimo, walipoteza maisha. Kardinali Pizzaballa, Patriaki wa Yerusalemu, alijitoa awe mateka badala ya watoto waliotekwa. Vita vilivyofuata viliangamiza makumi ya maelfu ya watu wa Gaza. Papa Fransisko aliipigia simu parokia ya Familia Takatifu ya Gaza karibu kila jioni, hadi siku mbili kabla ya kifo chake tarehe 21 Aprili 2025. Tarehe 17 Julai 2025 kanisa hilo lilipigwa kombora, watu watatu wakafa na paroko akajeruhiwa. Israeli ilisema ni kosa. Siku iliyofuata Kardinali Pizzaballa aliingia Gaza pamoja na Patriaki wa Kigiriki, Theophilos III.

Basi, mama yetu mpendwa, tunakujibu hivi. Kuibariki Israeli ya Maandiko, watu wa Agano, ni wajibu wetu; lakini serikali yoyote ya leo, ya Israeli au ya Palestina, hupimwa kwa haki kama serikali nyingine zote. Manabii wa Israeli wenyewe ndio waliotufundisha kipimo hicho, walipowakemea wafalme wao kwa ajili ya mjane, yatima na mgeni.

Kanisa limetembea polepole, kutoka kulinda mawe matakatifu hadi kuwalinda mawe hai, yaani watu. Sisi nasi hatujafika. Tulipokuwa seminarini tulichora ramani ya safari za Bwana wetu bila kujiuliza nani anaishi katika vijiji vile leo. Tunaungama uvivu huo. Ijumaa Kuu ijayo, tutakapopita na vikapu, tukumbuke kwamba upande wa pili wa sadaka ile kuna parokia kama yetu, yenye paroko, kwaya, na mama anayeuliza maswali.

Tunawatakieni Dominika njema. Mama yetu Bikira Maria, binti wa Nazareti, awaombee watoto wote wa nchi yake.