Ua ambalo hakuna mtu alilipanda: rangi mpya za belle-de-nuit zinatoka wapi?

Ni ile maua ya kando ya uzio, inafunguka kwenye saa kumi ya jioni na kujifunga asubuhi jua likishapanda. Kwa Kifaransa inaitwa belle-de-nuit, yaani mrembo wa usiku. Wanasayansi wanaiita Mirabilis jalapa. Asili yake ni Amerika, fasi za joto. Kwa kawaida mtu haendi kuinunua: jirani anakupatia mbegu kiganjani, basi.

Sasa, ulipanda nyekundu, jirani akapanda nyeupe. Msimu unaofuata unakuta shina la rangi ya roze limeota lenyewe karibu na jaa, na hakuna mtu wa nyumbani aliyelipanda. Ao unaona shina moja iko na ua la manjano, lingine nusu manjano nusu nyekundu, na la tatu la madoadoa. Hapo maneno inaanza: nani ameweka kitu hapa? Si mambo ya kucheka. Mwaka wa 2021, Kivu ya Kusini, wanawake waliuawa juu ya kushitakiwa uchawi. Ua geni lisiwe sababu ya kumnyooshea mama mzee kidole, maana wazazi wa ua lile wanajulikana.

Kipepeo cha usiku, kile chenye ulimi mrefu, kinanyonya asali kwa jirani, kinabeba unga wa maua na kuuacha kwako. Kila ua linatoa mbegu moja tu, nyeusi, yenye mikunjo. Inaanguka chini, mvua inanyesha, inaota. Usiku ule hukuona kitu, lakini ndipo ndoa ilifungwa. Kama kipepeo hakikufika, ua linaweza kujizalisha lenyewe wakati linajifunga, ndiyo maana mashina mengine yanabaki na rangi ya mama yao.

Wanafunzi wa humanite wanaokumbuka masomo ya biolojia wamekwisha kukutana na hii maua, pengine bila kujua kwamba ndiyo ile ya nyumbani. Mjerumani Carl Correns, mmoja wa wale waliofufua kanuni za Mendel mwaka wa 1900, aliichunguza. Ukioanisha nyekundu safi na nyeupe safi, watoto wote wanakuwa roze. Kila mtoto anapokea sehemu moja kwa baba na moja kwa mama, na sehemu moja ya nyekundu haitoshi kukoleza rangi. Lakini ukioanisha roze kwa roze, wajukuu wanaachana: kwa 4, karibu 1 anakuwa mwekundu, 2 roze, 1 mweupe. Nyekundu na nyeupe za babu zinarudi kama zilivyokuwa. Usihesabu kwa mashina manne tu na kusema Correns alidanganya. Panda makumi, ndipo utaona.

Ile ya madoadoa ni habari ingine. Mule ndani ya urithi wa mmea kuna vipande vinavyoruka kutoka fasi moja kwenda ingine, na pale kinaporuka, rangi inazimika ao inawaka. Ndiyo maana maua mawili ya shina moja hayafanani.

Na shamba je? Muhindi unafuata njia ileile, ila unga wake unabebwa na upepo. Ulipanda muhindi mweupe, ukavuna gunzi lenye punje za manjano hapa na pale: ni muhindi wa jirani umeingia. Na ile mbegu ya metisi inayouzwa dukani, mavuno yake ya kwanza ni mazuri, lakini ukiweka punje zake kwa kupanda tena, watoto wanaachana kama wale wa belle-de-nuit, na mavuno yanapunguka. Watu wengi wanasema muuzaji aliwaibia. Pengine aliwaibia kwa kutowaeleza. Maharagi haina shida sana, kwa sababu mara nyingi inajizalisha ndani ya ua mbele halijafunguka. Mbegu ya maharagi unaweza kuiweka mwenyewe.

Angalisho kwa wenye watoto: mbegu za belle-de-nuit zinafanana na pilipili manga, na zina sumu, pamoja na mizizi. Zinaleta kutapika na kuhara. Mtoto akizila, mpeleke kituo cha afya na ubebe mbegu moja uwaonyeshe.

Kama rangi mpya imekupendeza, usitegemee mbegu zake tu. Chini ya shina kuna mzizi mnene kama kiazi. Uchimbe majani yakikauka, uuhifadhi pakavu, uupande mvua ikirudi. Mzizi ni shina lilelile, kwa hiyo rangi inarudi ileile. Mbegu unaweza kumpatia jirani, lakini umwambie mbele kwamba rangi itakayotoka haijulikani.