Nipe Mji: Historia ya Mchezo Mdogo wa Hadithi Mkoani Mara

Katika fasihi simulizi, yaani sanaa ya maneno inayoishi mdomoni na masikioni kabla ya kufika kitabuni, kitendawili huhesabiwa miongoni mwa tanzu fupi, na kwa sababu ya ufupi huo mara nyingi hutazamwa kama swali lenye jibu moja tu. Kinapochezwa kwa ukamilifu, hata hivyo, kitendawili ni mchezo wa hadithi ambao msikilizaji huamua msimulizi aelekee wapi. Historia yake katika maeneo ya Musoma, Bunda na Butiama inaonyesha kwamba nguvu ya mchezo huu ilitokana na udogo wake na uchache wa muda wake, na kwamba ulipoingia vitabuni, sehemu iliyobaki nje ndiyo iliyokuwa moyo wake.

Mchezo huanza pale mtegaji, yaani mwenye fumbo, anapotamka “Kitendawili!”, na wenzake wakamjibu “Tega!”. Neno “tega” limetoka katika kazi ya kuweka mtego, kama ambavyo kulifumbua fumbo huitwa kutegua. Mtegaji akisema “Nyumba yangu haina mlango”, atakayetaja yai atakuwa amekitegua. Lakini wote wakishindwa, mtegaji hudai, “Nipe mji”, nao hawana budi kumtajia mmoja. Hapo yeye husimulia jinsi alivyosafiri hadi mji huo, alivyopokewa, alichokula na alichokiona, kisha ndipo hutoa jibu.

Mji huo ni malipo ya kushindwa, lakini pia ndio unaoipa hadithi mwelekeo, kwa kuwa mtegaji hakujua mapema angepewa upi. Akipewa Musoma, wasikilizaji hutarajia alikute ziwa, mitumbwi na wavuvi. Akipewa Bunda, hutarajia aipitie barabara iendayo Mwanza na mashamba ya pamba. Akipewa Butiama, haitafaa asivione vilima vya mawe. Muda wa kuyapanga hayo yote ni pumzi moja au mbili, maana akisitasita hadhira, yaani wale wanaomsikiliza, humzomea. Kinachomwokoa ni kwamba mwanzo na mwisho amekwisha kuwa navyo: mwanzo ni safari, mwisho ni jibu, na kilicho wazi ni katikati tu. Anayejifunza kuicheza nafasi hiyo ya katikati amejifunza kanuni kuu ya kupanga kazi yenye muda mfupi, nayo ni kuyafunga mapema yale yasiyobadilika ili akili ibaki huru kwa yale yanayobadilika.

Uchache wa muda haukuwa katika zamu ya mtegaji peke yake. Katika jamii nyingi za wakulima na wafugaji wa Afrika Mashariki, vitendawili na ngano vilitengewa jioni, na watoto walikatazwa kuvitoa mchana, wakati wa kulima, kuchunga na kuteka maji. Mchezo ulikuwa na kipindi kati ya kuingia kwa mifugo zizini na usingizi, na kwa hiyo ulihitaji umbo ambalo lingeweza kuanza, kukatizwa na chakula, kisha kuendelea bila kuharibika.

Mkoa wa Mara una lugha nyingi kuliko sehemu nyingi za Tanzania: Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kiikizu, Kikuria, Kijaluo na nyinginezo. Kila jamii ina mafumbo yake, na Kiswahili kilikuja kuwa lugha ya kukutana, hasa mjini na shuleni. Julius Nyerere, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Tanzania, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 akiwa mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alianza masomo mwaka 1934 katika shule ya Mwisenge, Musoma, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kwa kuwa lugha ya nyumbani kwao ilikuwa Kizanaki. Kwa mtoto wa namna hiyo, mji wa Musoma ulikuwa safari ya kweli kabla haujawa jina la kutajwa katika mchezo.

Musoma hiyohiyo ilikuja kutoa uamuzi ulioibadilisha hali ya watoto wa nchi nzima. Mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana mjini humo na kupitisha Azimio la Musoma, lililoagiza kwamba elimu ya msingi kwa kila mtoto, iliyokuwa imepangwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Miaka 15 ilipunguzwa ikawa 3. Ili kulitimiza agizo hilo, vijana waliomaliza darasa la saba walipewa mafunzo ya ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha, wakisaidiwa na masomo ya redio na ya posta, na watoto wengi ambao nyumbani walizungumza Kijita au Kikuria waliingia darasani kusoma kwa Kiswahili.

Shule ilikieneza kitendawili cha Kiswahili, na kwa hilo inastahili shukrani. Lakini kurasa za kitabu huweza kubeba fumbo na jibu lake tu. Haziwezi kubeba safari ambayo kila mara huzaliwa upya kwa jina la mji ambalo mwingine amelitaja. Mwanafunzi aliyekariri majibu hushinda mtihani bila kuwahi kusafiri, na hadhira iliyokuwa mshiriki hugeuka kuwa msomaji. Kilichopungua hapo ni mazoezi ya kutunga mbele ya watu wanaosubiri.

Siku hizi wapo vijana wanaobuni michezo ya hadithi ya simu na kompyuta, ambayo mchezaji huchagua njia na hadithi ikamfuata, na mara nyingi wana siku chache za kuikamilisha. Anayetaka kuipanga kazi hiyo vizuri ana kielelezo cha Kiswahili kilichokwisha kupimwa jioni nyingi: fumbo moja, mlango mmoja wa uamuzi, safari fupi na jibu lisilobadilika. Yeyote atakayewarudishia watoto wa Bunda na Butiama haki ya kutaja mji, na akakubali kusafiri kokote watakakomtuma, atakuwa amekirudishia kitendawili ile sehemu iliyoachwa nje ya kitabu.